Faili halifunguki kutoka kwenye terminali: tafuta kwanza ni nani anayelalamika

Ukiandika `xdg-open ripoti.pdf` na kubonyeza Enter, kazi hiyo hupita mikono minne. Sheli (programu inayopokea amri zako, kama bash au zsh) hukata mstari wako vipande vipande. Kisha huitafuta programu uliyoitaja kwenye folda zilizoorodheshwa ndani ya `PATH`. Programu hiyo, ikiwa ni mpatanishi kama `xdg-open`, hutambua aina ya faili na kuchagua nani alifungue. Mwisho, programu iliyochaguliwa hutafuta skrini ya kuchora dirisha na ruhusa ya kulisoma faili lenyewe.

Mkono wowote ukiteleza, unachokiona ni kilekile: hakuna kilichofunguka. Ndiyo maana mtu anaweza kusakinisha visomaji vitatu vya PDF huku kosa likiwa ni nafasi tupu ndani ya jina la faili.

Kwa hiyo anza na ujumbe wa kosa, na usome neno lake la kwanza. Likiwa `bash:` au `zsh:`, anayelalamika ni sheli, na programu haijaanza kabisa. Likiwa `xdg-open:` au `gio:`, mpatanishi amefikiwa lakini amekwama. Likiwa jina la programu ya mwisho, au neno `Gtk-WARNING`, basi mlolongo wote umefanya kazi na tatizo liko ndani ya programu hiyo au mazingira yake.

Kama hakuna ujumbe wowote, uliza namba ya matokeo papo hapo, kabla ya kuandika amri nyingine, kwa sababu kila amri mpya huifuta ya zamani:

```
echo $?
```

127 maana yake sheli haikuiona amri. 126 maana yake imeiona lakini haikuweza kuiendesha. Kwa `xdg-open`, 1 ni kosa la uandishi wa amri, 2 ni faili halipo, 3 ni chombo kinachohitajika kimekosekana, na 4 ni kwamba kitendo chenyewe kimeshindikana.

## "Does not exist", na faili unaliona kwa macho

Mara nyingi hili ni suala la nukuu. Sheli hutenganisha maneno kwa nafasi, kwa hiyo `xdg-open ripoti ya mwaka.pdf` humpelekea mpatanishi vitu vitatu, naye hujibu `unexpected argument 'ya'`. Andika `xdg-open "ripoti ya mwaka.pdf"`, au charaza herufi chache za mwanzo na ubonyeze Tab ili sheli yenyewe iweke alama zinazostahili. Tab ni kipimo kizuri pia: ikikataa kukamilisha jina, basi jina silo unalolidhani, au hauko kwenye folda unayodhani uko.

Lakini nukuu nazo zina mitego yake:

- `"~/Nyaraka/barua.pdf"` haifanyi kazi. Alama ya `~` ikiwa ndani ya nukuu haigeuzwi kuwa folda yako ya nyumbani. Iache nje, `~/"Nyaraka/barua ya pili.pdf"`, au tumia `"$HOME/Nyaraka/..."`.
- Jina lenye `$` au `!` liwekwe kwenye nukuu moja-moja: `'Hongera!.jpg'`. Ndani ya nukuu mbili-mbili bash bado husoma `$` kama mwanzo wa kigeu, na `!` kama ombi la kurudia amri ya zamani, ndiyo maana hujibu `event not found`.
- Jina linaloanza na kistari, mfano `-rasimu.txt`, husomwa kama chaguo la amri. Litangulizie `./`, yaani `./-rasimu.txt`. Njia hii ni salama kuliko `--`, kwa kuwa si programu zote zinazoiheshimu `--`.

Ndani ya skripti, kosa hili hujificha kwenye vigeu. `evince $f` (evince ni kisomaji cha PDF) hukatika vipande pale jina lina nafasi. `evince "$f"` haikatiki. Hapa wengi hudanganyika kwa sababu zsh haikati kigeu kisicho na nukuu, ilhali bash hukikata. Mstari uliofanya kazi mwaka mzima kwenye zsh unaweza kuvunjika siku ya kwanza ndani ya skripti ya bash. Weka nukuu kila mahali.

Anwani za wavuti zina adha hiyohiyo. Alama ya `&` huikata anwani na kuipeleka amri kazini kwa nyuma, na `?` kwenye zsh huleta `no matches found`. Anwani yote iwe ndani ya nukuu.

Ukiwa bado umekwama, huenda jina lina nafasi mwishoni au herufi isiyoonekana. `printf '%q\n' *` huonyesha kila jina jinsi linavyopaswa kuandikwa kwenye sheli. Na kumbuka kwamba kwenye Linux `Picha.JPG` na `picha.jpg` ni mafaili mawili tofauti.

## "Command not found"

Tumia `type -a jina`. Itakuambia kama jina hilo ni programu, lakabu iliyowekwa kwa `alias`, au funksheni, na iko wapi. Kama amri inakubali ukiiandika kwa mkono lakini inakataa ndani ya skripti, chini ya `sudo` au kupitia `xargs`, yaelekea ni lakabu. Lakabu huishi ndani ya sheli unayochapa tu, hazirithiwi. Andika jina halisi la programu, au tengeneza skripti ndogo uiweke kwenye folda iliyomo ndani ya `PATH`.

Programu ikihamishwa kutoka folda moja hadi nyingine, bash huweza kung'ang'ania mahali pa zamani, kwa kuwa hukumbuka ilipoikuta mara ya mwisho. `hash -r` huifuta kumbukumbu hiyo.

Kwenye Linux kuna kisa cha `open`. Aliyezoea macOS huiandika bila kufikiri, na kwenye baadhi ya mifumo ya zamani ya Debian na Ubuntu jina hilo lilikuwa kiungo cha `openvt`, chombo cha kufungua konsoli mpya. Ujumbe wake, `Couldn't get a file descriptor referring to the console`, hauhusiani na faili lako hata kidogo. Tumia `xdg-open`. Ikiwa nayo haipo, sakinisha kifurushi cha `xdg-utils`.

## "Permission denied" au "bad interpreter"

Ukiandika `./picha.jpg` peke yake, umeiambia sheli iiendeshe picha hiyo kama programu. Sheli haifungui mafaili, inaendesha programu; lazima utaje wa kulifungua. Usijaribu kutibu hali hii kwa `chmod +x`, maana utakuwa umeipa picha ruhusa ya kuendeshwa, na faili halitafunguka.

Ikiwa kweli ni skripti na ujumbe unaonyesha `/bin/bash^M: bad interpreter`, basi faili limehifadhiwa kwa miisho ya mistari ya Windows. Ile `^M` ni herufi ya ziada iliyoshikamana na jina la `bash`. Iondoe kwenye faili zima:

```
sed -i 's/\r$//' skripti.sh
```

## Faili linafunguka, lakini na programu isiyo sahihi

Hapa ndipo muda mwingi hupotea, na bado kuna maswali mawili tu ya kuuliza, kwa mpangilio huu:

```
xdg-mime query filetype ripoti.pdf
xdg-mime query default application/pdf
```

La kwanza linasema mfumo unalitambua faili kuwa aina gani. La pili linasema nani amepewa aina hiyo. Usiliruke la kwanza. Faili lililopakuliwa likiwa na jina la `ripoti.pdf` laweza kuwa ukurasa wa HTML wenye ujumbe wa kosa kutoka kwenye seva, na kisomaji cha PDF kina haki ya kulikataa. `file --mime-type -b ripoti.pdf` huangalia maudhui bila kujali kiendelezi. Majibu ya `file` na `xdg-mime` yakitofautiana, amini kwamba faili ndilo lenye walakini mpaka ithibitike vinginevyo.

Kama aina ni sahihi na mmiliki wake siye unayemtaka, mbadilishe:

```
xdg-mime default org.gnome.Evince.desktop application/pdf
```

Kinachotakiwa hapo ni jina la faili la `.desktop`, wala si jina la programu. Ukiandika `evince` tupu mpangilio hautashika. Majina sahihi yako `/usr/share/applications`, na `~/.local/share/applications` kwa yale uliyoyaongeza mwenyewe. Jina huweza kubadilika toleo jipya likisakinishwa, na mpangilio wako ukabaki unaelekeza kwa faili ambalo halipo tena. Hiyo ndiyo sababu ya kawaida ya "jana ilikuwa inafunguka".

Chaguo lako huandikwa ndani ya `~/.config/mimeapps.list`, chini ya kichwa `[Default Applications]`. Fungua ulisome. Kama mabadiliko yako hayaonekani kuzaa matunda, tazama kama kuna faili jingine lenye jina la mazingira ya eneokazi, mfano `~/.config/gnome-mimeapps.list`, hilo husomwa kwanza na kulifunika la kawaida.

Kila kitu kikiishia kwenye kivinjari, basi `xdg-open` haikupata mwenye aina hiyo na imeangukia njia yake ya mwisho. Swali la pili hapo juu litakuwa limerudisha mstari mtupu.

Programu uliyoisakinisha kwa mkono inahitaji faili lake la `.desktop`. Mistari miwili ndiyo husahaulika. `MimeType=` iwe na aina zote, kila moja ikifuatwa na nukta-mkato. `Exec=` iwe na `%f` mwishoni, au `%F` kama programu inaweza kupokea mafaili mengi kwa pamoja. Bila `%f` programu itafunguka ikiwa tupu, kana kwamba faili halikutajwa, na hakuna ujumbe wowote utakaotokea. Ukimaliza kuhariri, endesha `update-desktop-database ~/.local/share/applications`.

Programu za terminali kama vim zinahitaji pia `Terminal=true`. Bila hiyo huanza mahali pasipo na skrini wala kibodi, zikafa kimyakimya.

## "Cannot open display"

Programu imeanza lakini haijui pa kuchora. Angalia:

```
echo "$DISPLAY" "$WAYLAND_DISPLAY"
```

Vyote vikiwa vitupu, jiulize uko wapi. Ukiwa umeingia kwenye seva kwa `ssh`, programu inaendeshwa kule kwenye seva, haiendeshwi kwenye mashine iliyo mbele yako. `ssh -X` hulileta dirisha kwako mradi seva ina `xauth` na mpangilio wa `X11Forwarding yes`, lakini mtandao ukiwa wa taratibu utasubiri sana kila unapogeuza ukurasa. Kwa PDF moja au picha chache, kulivuta faili kwa `scp` na kulifungua kwako ni bora zaidi.

Ndani ya tmux (programu inayohifadhi vikao vya terminali hata muunganisho ukikatika), thamani ya `DISPLAY` huwa ni ile ya wakati dirisha la tmux lilipofunguliwa. Ukikata muunganisho na kurudi kwa `ssh` nyingine, vidirisha vya zamani hubaki na anwani ya skrini iliyokwisha kufa. Fungua kidirisha kipya. Chenyewe hupokea thamani mpya. Kazi za cron, yaani zinazojiendesha kwa ratiba, nazo hazina skrini kabisa, na `PATH` yao ni fupi kuliko yako.

Chini ya `sudo`, ujumbe huwa `Authorization required, but no authorization protocol specified`. Usihangaike kuufungulia mlango. Ukifungua kihariri cha picha au cha maandishi kama root (mtumiaji mkuu wa mfumo), utaacha mafaili ya mipangilio yanayomilikiwa na root ndani ya folda yako, na kesho programu itashindwa kuyaandika. Kwa kuhariri faili la mfumo kuna `sudoedit /etc/hosts`: hutengeneza nakala ya muda, huifungua kwa kihariri chako kwa ruhusa zako za kawaida, kisha huirudisha mahali pake ukifunga.

Dirisha likifunguka na programu ikasema haina ruhusa ya faili ambalo wewe unalisoma kwa `cat` bila shida, chunguza kama programu imesakinishwa kwa Snap au Flatpak. Programu hizi huishi ndani ya uzio. Snap huwa na `/tmp` yake yenyewe, na haioni folda zilizofichwa zinazoanza na nukta ndani ya nyumbani kwako. Njia rahisi ni kulihamishia faili kwenye folda ya kawaida. Kwa diski za nje kuna `sudo snap connect jina:removable-media`, ikiwa programu hiyo imeandaliwa kuikubali. Kwa Flatpak, `flatpak info --show-permissions jina` huonyesha mipaka ya uzio.

## Terminali imeshikwa, au programu inakufa ukiifunga

Ukiita programu moja kwa moja, sheli huingoja. Weka `&` mwishoni mwa amri ili urudishiwe terminali. Ikiwa umeshaianza bila `&`, bonyeza Ctrl+Z kisha andika `bg`. Usiishie kwenye Ctrl+Z: programu itakuwa imesimamishwa, na dirisha lake litaganda bila kuitikia panya wala kibodi.

Ukifunga dirisha la terminali, sheli hutuma ishara ya SIGHUP kwa kazi zake, nazo hufa pamoja nayo. Ili ziishi:

```
nohup evince ripoti.pdf >/dev/null 2>&1 &
```

Kwenye Linux `setsid -f evince ripoti.pdf` ni fupi zaidi, na kwenye zsh unaweza kumalizia amri kwa `&!`. Kazi ambayo tayari iko nyuma huokolewa kwa `disown`.

Maonyo ya `Gtk-WARNING` yanayomiminika kwenye terminali kwa kawaida hayana madhara. Yaelekeze `2>/dev/null`, lakini baada tu ya kuhakikisha faili linafunguka. Ukiyanyamazisha mapema unajinyima ushahidi.

## Programu inarudi kabla hujamaliza

Hili ni kinyume cha tatizo lililotangulia. Git hufungua kihariri, na papo hapo inasema `Aborting commit due to empty commit message`. Kihariri chako cha dirisha kimepokea faili na kurudisha udhibiti mara moja, na Git ikadhani umemaliza. Kiambie kisubiri:

```
git config --global core.editor "code --wait"
```

Git huangalia `GIT_EDITOR` kwanza, kisha `core.editor`, kisha `VISUAL`, kisha `EDITOR`. Ukibadilisha `EDITOR` na kuona hakuna tofauti, kuna mmoja wa hao watatu aliyetangulia.

Skripti yenye `xdg-open "$t"; rm "$t"` huumia kwa njia hiyohiyo: faili hufutwa kabla kisomaji hakijalifikia, na mara moja moja tu, kulingana na kasi ya mashine. Mpatanishi hafai kwa faili la muda. Iite programu yenyewe moja kwa moja, na hakikisha ni ile inayobaki mpaka dirisha lifungwe.

## Mafaili mengi kwa pamoja

`xdg-open` hupokea faili moja tu kwa mkupuo. Tumia mzunguko: `for f in *.pdf; do xdg-open "$f"; done`.

`find . -name '*.txt' | xargs vim` huleta onyo la `Input is not from a terminal`, na baadaye terminali huchafuka hata usione unachochapa. Vim imerithi ingizo lisilo kibodi. Andika `reset` hata kama herufi hazionekani, kisha fanya hivi badala yake, ambavyo pia huvumilia nafasi ndani ya majina:

```
find . -name '*.txt' -exec vim {} +
```

Mzunguko wa `while read` ukifanyia kazi faili la kwanza kisha ukaisha, programu iliyo ndani imeyala majina yaliyobaki. `ffmpeg` na `ssh` ni maarufu kwa hili. Kwa `ffmpeg` ongeza `-nostdin`. Kwa nyingine zozote zisizohitaji kibodi, `< /dev/null` inatosha.

## Windows na macOS

Kwenye Windows, ndani ya Command Prompt (cmd), `start "ripoti ya mwaka.pdf"` hufungua dirisha jeusi jipya badala ya ripoti, kwa sababu nukuu za kwanza huchukuliwa kuwa kichwa cha dirisha. Toa kichwa kitupu: `start "" "ripoti ya mwaka.pdf"`. Kwenye PowerShell usifanye hivyo, kwani huko `start` ni lakabu ya `Start-Process` nayo hukataa neno tupu. Tumia `Invoke-Item`, na kwa majina yenye mabano ya mraba, `Invoke-Item -LiteralPath 'ripoti[1].pdf'`.

Ndani ya WSL (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows), geuza njia kwanza: `explorer.exe "$(wslpath -w picha.png)"`. Amri hiyo huweza kurudisha 1 hata ikifanikiwa, kwa hiyo usiitegemee namba yake ndani ya skripti.

Kwenye macOS, `open -a Preview picha.png` huchagua programu, na `open -R` huonyesha faili lilipo. `open -W` husubiri programu nzima ifungwe, si dirisha lake. Kama ilikuwa wazi tangu mwanzo, ongeza `-n` ili ipatikane nakala mpya ya kusubiriwa.

## Bado kimya

Kwa bahati nzuri `xdg-open` ni skripti ya sheli, hivyo unaweza kuifuata hatua kwa hatua:

```
sh -x "$(command -v xdg-open)" ripoti.pdf 2>&1 | less
```

Shuka hadi mwisho. Mistari ya mwisho inaonyesha amri halisi iliyokabidhiwa faili lako, mara nyingi `gio open` au programu yenyewe pamoja na njia kamili. Inakili, uiendeshe kwa mkono bila mpatanishi, na ujumbe utakaoupata hapo ndio wa kushughulikia.